Doria ya mtaa, Winnipeg, na hii tabia yetu ya kumalizana nyumbani

Haya jamani, hii itakuwa ndefu kwa hivyo tafuta kahawa yako na kashata ukae. Imeanzia kwenye grupu la wasap la chama chetu cha kina mama huku Kisauni, Mombasa, pale mmoja wetu alipotupa wazo kuwa mtaa uanzishe doria ya usiku, vijana wapewe rungu na tochi wazunguke, manake wanawake wamechoka kutembea roho mkononi wakitoka kazini. Loh, grupu likawaka moto. Wengine wakasema ndio hasa, wengine wakauliza vijana gani hao, si ni hao hao wanaokaa pale kona jioni wakituita majina? Halafu kuna mama mmoja hana maneno mengi, siku hiyo akatuma voisi ndefu, akasema nyinyi mnazungumzia njia na hatari yenyewe iko ndani ya nyumba, sasa hiyo doria yenu itazunguka vyumbani? Tukacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Mimi kwa tabia yangu ya kuchokora nikaingia mtandaoni kutafuta kama kuna mahali mtaa wenyewe, na wanawake wenyewe, walishafanya kitu kama hiki kikashika. Nikaangukia Kanada. Na sio hii Kanada ya kutuma maombi ya viza, ni Kanada ya wenyeji wa asili, wale waliokuwepo kabla Mzungu hajashuka kwenye meli. Nimesoma mpaka usiku mkubwa siku kadhaa na mengine yamenikosesha usingizi, wacha niwaambie.

Mji wenyewe unaitwa Winnipeg, mkoa wa Manitoba, katikati katikati ya nchi, baridi yake sio ya kuhadithiwa mtu wa Mombasa. Kuna mto unapita hapo unaitwa Red River. Agosti 2014 ukatolewa mtoni mwili wa msichana wa miaka 15, Tina Fontaine, mtoto wa jamii ya Sagkeeng, amezongwa kwa kifuniko cha duveti na kutiwa mawe azame. Na mtoto huyu hakuwa mtu asiyejulikana. Alikuwa chini ya ulezi wa serikali, na siku zake za mwisho mwisho polisi walimwona, hospitali ilimwona, watu wa ustawi wa jamii walimwona, kila mmoja kwa zamu yake akamwachia aende. Mtu aliyeshtakiwa kwa kumuua, mahakama ilisema 2018 hana hatia, akatoka, na hakuna mwengine aliyefungwa kwa kifo kile.

Sasa hapo ndipo watu wa mtaa walipojiuliza swali ambalo mimi nikilifikiria nywele zinanisimama: kama huyu mmoja katoka mtoni, wangapi wengine wako chini? Serikali haikuwa na mpango wa kuukokota mto. Basi wakaukokota wenyewe. Kuna mama anaitwa Bernadette Smith, dada yake Claudette Osborne alipotea 2008 na hajaonekana, yeye na wenzake wakaanzisha kitu wakakiita Drag the Red. Maboti, kamba, vyuma vya ndoano, wanaburuta chini ya mto taratibu, na kila kinachopanda, kiwe kitambaa kiwe mfupa, kinaangaliwa. Hebu fikiria, unavua huku unaomba Mungu usipate kitu, na huku unaomba upate, manake usipopata hujui, na usipojua huziki.

Na watu wa mtaa huo huo, joto la kifo cha Tina likiwa bado liko juu, ndio wakafufua doria. Inaitwa Bear Clan Patrol. Ilikuwa imeanzishwa 1992 halafu ikalala miaka mingi. Jina limetoka kwenye mila zao, kwa Waanishinaabe, jamii moja ya hao wenyeji wa asili, ukoo wa dubu ndio wenye kazi ya ulinzi, kwa hivyo sio jina la kubuni tu. Mimi nlitarajia nikute picha za watu wenye misuli na marungu, aka. Nikakuta mama wa makamo amevaa rifleta, ana tochi na glavu, ana mkebe wa kutilia sindano. Hawabebi silaha. Wanatembea upande wa North End, mtaa wa watu maskini, wanaokota sindano zilizotupwa na watu wa madawa ili watoto wasikanyage, wanagawa chakula na maji, wanasalimia, wanauliza hali, wakiona msichana amesimama mahali pabaya saa mbaya wanasimama naye wanapiga gumzo mpaka apate njia ya kwenda. Basi. Ndio doria yenyewe hiyo.

Nikasoma tena nikidhani kuna kitu nimeruka. Hakuna. Ni watu wale wale, njia zile zile, kila mara, mpaka mtaa mzima unawajua na wao wanaujua mtaa. Kwa hivyo msichana fulani asipoonekana wiki nzima kuna mtu atauliza fulani yuko wapi, na atakuwa anajua jina lake na anajua kwa kawaida hukaa na nani. Tina alionwa na watu watatu wanne wenye vyeo na hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu wake. Hilo pengo ndilo hawa wanaliziba kwa miguu.

Msije mkadhani ni kisa kimoja cha bahati mbaya. Polisi wa Kanada wenyewe, wale RCMP, walitoa ripoti 2014 wakahesabu wanawake na wasichana wa asili 1,181, waliouawa au kupotea kati ya 1980 na 2012, na 1,017 kati yao ni waliouawa. Na familia zikasema hesabu hiyo iko chini, wengi hawakuandikwa. Zilipiga kelele miaka na miaka ndio serikali ikaunda tume ya taifa 2016, tume ikamaliza Juni 2019 na madai 231 ya haki, na ikatumia neno ambalo liliwakera wengi, mauaji ya kimbari. Lakini ukisoma historia yote utaona serikali haikuamka siku moja asubuhi ikaona huruma. Ilisukumwa. Mjini Vancouver wanawake wamekuwa wakiandamana kila tarehe 14 Februari tangu 1992, siku ambayo wengine tunanunuliana maua, wao wanapita njiani wakisimama pale ambapo mwanamke fulani alikufa, wanataja jina, wanaomba, wanaendelea.

Kisa cha jaa la taka ndicho kilichonimaliza kabisa, huku huku Winnipeg. Mwaka 2022 mwanamume mmoja aliua wanawake wanne wa asili. Polisi wakajua kuwa miili ya wawili, Morgan Harris na Marcedes Myran, imepelekwa na gari la taka mpaka jaa linaloitwa Prairie Green, nje ya mji. Desemba wakatoka wakasema hawatachimba, kazi haiwezekani. Yaani mzazi wako yuko kwenye taka, panajulikana ni wapi, na unaambiwa tushamaliza. Mabinti wa Morgan Harris hawakukubali. Wakapiga kambi, wakafunga barabara ya jaa jengine la mji, wakaenda mpaka bungeni Ottawa. Serikali ya mkoa ya wakati ule ikakataa kugharamia, ikasema ni hatari kwa wafanyakazi, na wakati wa kampeni wakatengeneza matangazo kabisa ya kujisifu kuwa wamesimama imara kukataa kuchimba. Nlipoona hilo nikafunga simu nikaenda kuosha vyombo. Uchaguzi wa Oktoba 2023 wakaangushwa, akaingia Wab Kinew kuwa kiongozi wa mkoa, ambaye mwenyewe ni mwenyeji wa asili, na uchimbaji ukaanza Desemba 2024. Machi 2025 ikathibitishwa kuwa mabaki yaliyopatikana ni ya Morgan Harris na Marcedes Myran. Wote wawili. Kazi iliyosemwa haiwezekani ilichukua miezi michache tu toka kuanza kupekua.

Mimi nimekaa na hilo jambo muda mrefu. Manake ukiambiwa "jitihada za jamii" unawaza semina, fulana za kampeni, soda na picha ya pamoja. Hawa jamii yao ilikuwa ni watoto wa marehemu wamekaa kwenye hema kando ya jaa mpaka serikali ibadilike.

Na kuna barabara. Barabara namba 16 huko British Columbia, kutoka Prince George hadi Prince Rupert, kama kilomita 720 hivi, wameibandika jina la Barabara ya Machozi. Wasichana wengi wa asili wamepotea au kuuawa kandokando yake tangu miaka ya sabini. Sababu moja kubwa utashangaa ilivyo ya kawaida: hakukuwa na usafiri. Unaishi kijiji cha mbali, kliniki iko mji mwengine, gari huna, basi hakuna, kwa hivyo unasimama kando ya njia unaomba lifti. Jamii zilikutana 2006 zikatoa mapendekezo, mojawapo likiwa basi. Basi tu. Mabasi ya umma ya kuunganisha vile vijiji yalikuja 2017. Hesabu mwenyewe.

Hili la basi mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Muulize msichana yeyote anayefanya kazi kwenye hoteli za Bamburi au Nyali anatoka saa ngapi na anapanda nini kurudi Mwakirunge. Matatu zikishaisha ni bodaboda asiyemjua ama lifti ya lori. Na ukifikwa na jambo watu wanauliza alikuwa anatafuta nini saa ile. Alikuwa anatafuta kwao!

Tukija kwa wanaume. Wenzetu wana kampeni inaitwa Moose Hide, ilianza 2011, baba mmoja Paul Lacerte na binti yake Raven walikuwa wameenda kuwinda karibu na hiyo hiyo Barabara ya Machozi, wakamuua moose, mnyama wao wa pembe pana, mkubwa kama pofu hivi, na wakati wanamchuna likawajia wazo wakate ngozi vipande vidogo vya mraba, wanaume wavae kifuani kama ahadi kuwa hawatamdhuru mwanamke wala mtoto na hawatanyamaza wakimwona mwenzao anafanya. Na siku maalum wanafunga, toka jua lichomoze mpaka lizame. Nilipomsimulia mume wangu akasema kufunga sisi mbona tunafunga. Nikamwambia ndio baba, tunafunga mwezi mzima, na kumi la mwisho bado usiku tunasikia jirani anampiga mkewe daku haijaiva. Akanyamaza. Ngozi kifuani sio dawa, na wapo wanawake wa asili huko huko wanaouliza kipande cha ngozi kimemzuia nani, nami nawaelewa. Lakini nimependa kitu kimoja, aliyeanza kuuliza wanaume ni mwanamume, na alianza na wake wa karibu, sio na hotuba.

Sasa turudi nyumbani, manake najua kuna msomaji ashaanza kusema hayo ya Wazungu yanatuhusu nini. Kwanza sio Wazungu. Pili, sisi pia hapa Pwani tuna watu waliosukumwa pembeni kwenye ardhi yao. Waata, wengine mnawaita Wasanye, wako Kilifi na Tana River. Waaweer, mnaowaita Waboni, wako Lamu kule msituni. Walikuwa watu wa kuwinda na kurina asali, uwindaji ukapigwa marufuku 1977, msitu ukawa wa hifadhi, halafu kwa Waboni juu yake yakaja mambo ya usalama. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 260, inawataja wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya vya porini kama jamii zilizotengwa zinazostahili kuangaliwa. Kwenye karatasi. Mwanamke wa kijiji cha ndani huko akifanyiwa unyama hana kituo cha polisi cha kwenda kwa miguu, na yale masaa ya mwanzo ambayo ndiyo yanaamua kila kitu yanaishia njiani. Mwanamke wa Kisauni angalau ana tuktuk. Nikisoma Barabara ya Machozi mimi naona njia za mchanga za kule.

Kuna watu watataja Umoja, kijiji cha Samburu kilichoanzishwa 1990 na Rebecca Lolosoli na wenzake, wanawake waliokuwa wamebakwa na kupigwa na kufukuzwa wakajenga kwao, mwanamume haishi hapo, wanauza shanga wanasomesha watoto. Nawavulia kofia wallahi. Lakini mama wa chumba kimoja cha kupanga Mishomoroni hana mahali pa kujenga kijiji, huwezi kumwambia suluhisho ni kuhama wakati hata kodi ya mwezi huu haijatoka. Na kwa nini ahame yeye?

Ambayo inanileta kwa jambo lenye kunikera hasa, na ndio sababu ya kuandika haya yote. Sisi jamii tunayo. Tena imejaa. Shida yetu sio kukosa jamii, shida ni jamii yenyewe inafanya kazi gani jambo likishatokea.

Kuna nyumba mtaani kwetu, miaka ya nyuma, msichana alifanyiwa kitendo na mtu wa ukoo. Wazee wakakaa barazani, kahawa ikaletwa, tende zikaletwa, wakazungumza kwa upole na busara kweli kweli, hakuna aliyepandisha sauti. Wakakubaliana pesa fulani na radhi iombwe na mambo yasitoke nje, watu wasitiriane. Msichana hakuitwa. Mamake alikuwa jikoni anapokea vikombe vinarudi. Wiki ile ile msichana akapelekwa kwa nyanyake Malindi "apumzike", shule akaiacha hapo. Yule mwanamume yuko mpaka leo, anaswali safu ya mbele. Hiyo pia ni jitihada ya jamii! Ilipangwa, ilikuwa na viongozi, ilikuwa na bajeti, ilimalizika kwa muda. Ni vile tu ilikuwa inamlinda mwengine.

Kwa hivyo mtu akiniambia "wacha jamii imalize" mimi nauliza jamii ya nani. Winnipeg watu walitoka ili jambo lifunuliwe, litafutwe mtoni, lichimbwe kwenye jaa, liandikwe. Sisi watu wetu wa busara wanatoka ili lifunikwe. Na msidhani wale wenzetu hawana hii shida, nao pia wako na wazee wa kunyamazisha, wanawake wao wameyasema hayo mbele ya tume.

Na sheria yetu wala haikuwaachia wazee nafasi hiyo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 40, inasema uamuzi wa kuiacha kesi kama hiyo sio wa familia wala wa polisi wa kituo, uko juu kwa mwanasheria mkuu, na siku hizi kazi hiyo iko kwa mkurugenzi wa mashtaka. Katiba ibara ya 159 inaruhusu mila kutatua migogoro, sawa, lakini papo hapo inaweka mpaka, isivunje haki za mtu. Na 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kuwa polisi kutochunguza vizuri kesi za wasichana walionajisiwa ni kuvunja haki zao. Kesi hiyo ililetwa kwa ajili ya watoto ambao polisi hawakuyafuatilia malalamiko yao ipasavyo. Sisi wenyewe tushaenda na jirani yetu kituo fulani, sikitaji, tukaambiwa afisa wa dawati la jinsia ametoka, tukauliza anarudi saa ngapi, tukaulizwa kwani huyu ni nani yenu. Tulikuwa wanawake sita. Tukakaa pale kwenye benchi na watoto na thamosi ya chai. Afisa akapatikana.

Hiyo benchi nadhani ndio doria yetu ya kwanza ingawa hatukuijua kwa jina hilo.

Kwa wasiojua, na andikeni mahali: jambo likitokea, yaani mtu akibakwa, hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Asioge, hata akitamani vipi. Nguo zile zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki, manake kwenye plastiki zinapiga unyevu na ushahidi unaharibika. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya masaa 72, na mapema ni bora. Ya kuzuia mimba ina mpaka masaa 120. Daktari anajaza fomu ya PRC, ile ya matibabu ya aliyebakwa, polisi wanatoa P3, fomu ya kuandika majeraha kwa ajili ya mahakama. Coast General, ama Makadara kama tunavyoiita sisi wa zamani, kuna kitengo cha mambo haya. Simu ya bure ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni 1195, ya watoto ni 116. Haya nlitakiwa kufundishwa shule kabla ya ile hesabu ya mabati na misumari.

Chama chetu kilikuwa cha kuzungushiana pesa tu, sufuria na vitenge. Siku hizi kuna vitu vimeongezeka bila kikao rasmi, kimoja kimoja. Kuna kopo la nauli ya usiku, kila mkutano kila mtu anatia kidogo, na pesa hiyo haikopeshwi hata mtu alie vipi, ni ya mwanamke kutoka nyumbani saa nane usiku na watoto akafika anapokwenda. Kuna faili la plastiki kwa mama mmoja lina kopi za aidii na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vya kila anayetaka, manake tulijifunza kuwa mwanamume wa aina ile kitu cha kwanza kuficha ni karatasi. Kuna neno tumekubaliana, mtu akilituma grupuni linaonekana kama anauliza kitu cha jikoni na sisi tunajua ni nini, na hapa silisemi msinichekee. Na kuna mama wa viazi karai. Huyu hata sio mwanachama! Lakini anakaa na karai lake pale njia panda mpaka saa tano saa sita usiku, anajua nani kapita na nani, nani anatembea akiangalia nyuma, na amewahi zaidi ya mara moja kumwita msichana "wee njoo nikurudishie chenji yako" wakati hakuna chenji, akamkalisha kwenye ndoo mpaka yule aliyekuwa akimfuata akachoka akaondoka. Mnataka Bear Clan, Bear Clan ni huyo anauza viazi na ukwaju.

Sasa kuhusu doria yenyewe, maoni yangu ni haya na mnaweza kunipinga. Iwepo. Lakini rungu hapana. Huku Kisauni tushaona vijana wakipewa kazi ya kulinda inavyogeuka, mwezi wa kwanza ni ulinzi, wa pili ni kodi, wa tatu wao ndio tunaowaogopa. Na kupiga mtu kwa kumshuku tu ni jinai ile ile. Wanaotembea wawe wanawake na wanaume, wanaojulikana, na wanawake ndio waseme nani aingie na nani atoke, manake wao ndio wanajua yupi kati ya hao "vijana wazuri" ana mkono mwepesi kwake. Watu wa bodaboda waingizwe, nasema hivi nikijua wengine mtaruka, wapo wabaya lakini stejini kuna walio na mabinti na wanachoka kutukanwa wote kwa pamoja, na hakuna mtu anayefika haraka kuliko wao. Zile njia mbili ambazo taa zimekufa tuandike barua kaunti, tupeleke wengi, tukae kwenye benchi kama kawaida. Na sharti kubwa, hili silegezi hata kidogo, doria isiwe mahakama. Ikikuta jambo kazi yake ni kumfikisha mtu hospitali na kituoni na kukaa naye, sio kuita wazee wanywe kahawa.

Na yule mama wa voisi ana haki yake. Nchi hii utafiti wa serikali wa 2022 ulikuta wanawake 34 kwa 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa au kuumizwa mwilini tangu wafike miaka 15, na kwa walioolewa anayetajwa sana ni mume. Januari 2024 tuliandamana miji mingi, Mombasa pia, kwa ajili ya wanawake waliouawa, na wengi waliuawa na watu waliowajua. Doria ya njiani haiingii chumbani. Lakini inaweza kugonga mlango ikaomba chumvi. Nimeshafanya hivyo mimi, usiku, na deshi mkononi, mlango ukafunguliwa, kelele zikakatika, nikaingia nikakaa nikazungumza habari za bei ya nyanya mpaka watu wakalala. Sio dawa, najua, lakini mwenzangu alijua kuna mtu amesikia, na yule bwana naye alijua hivyo hivyo.

Kuhusu rungu bado hatujaelewana grupuni, kuna wanaosema mimi naongea kama mtu anayeishi Nyali. Mkutano ni Jumapili hii baada ya alasiri, kwa mwenyekiti, uani. Watu wa Mishomoroni na Junda mnaotaka kuanzisha yenu njooni msikilize na mbishane nasi, wanaume mnaruhusiwa, ila leteni viti vyenu manake mara ya mwisho watu walikalia madebe ya maji na mwenyekiti alikasirika sana.